Jasusi akishaondoka, nani anabaki?

Filamu ya Mission: Impossible – The Final Reckoning nimeiona mara mbili. Mara ya kwanza niliiona Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, bisi mkononi, viti vya kulala. Mara ya pili niliiona nyumbani Kamuli nilipokwenda likizo, kwenye kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta, na juu ya sauti ya Tom Cruise ikiwa imepachikwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, mmoja wa wale vijana waliofuata nyayo za Lufufu. Niseme mapema tu: ile ya pili ndiyo niliyoielewa zaidi, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza niwatoe wasiwasi wale watakaodhani nimehamia Uganda. Iko Kamuli ya Busoga, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi, na iko Kamuli yetu sisi, Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Zamani tulikuwa Karagwe, mpaka mwaka 2012 Kyerwa ilipomegwa na kuwa wilaya inayojitegemea. Kwetu ni migomba na kahawa. Ukielekea kaskazini unafika Mto Kagera, na ng'ambo yake ni Uganda. Ukielekea magharibi unakutana na mto huohuo, na ng'ambo yake ni Rwanda. Mtu wa kwetu akizungumza Kinyambo na mtu wa Ankole akizungumza Kinyankole, wanaelewana bila mkalimani. Naomba ulishike hilo, tutalihitaji huko mbele.

Sasa filamu yenyewe. Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa, ishia hapa urudi baadaye, maana nitamwaga kila kitu.

Filamu ilitoka Mei 2025. Ni ya nane katika mfululizo ulioanza mwaka 1996, mwongozaji ni Christopher McQuarrie, na urefu wake ni dakika 169, yaani karibu saa tatu. Tom Cruise ni Ethan Hunt, jasusi ambaye tangu tukiwa wadogo hajawahi kutii amri ya bosi wake na hajawahi kukosea. Safari hii adui ni akili mnemba iliyopewa jina la the Entity. Imejaza uongo duniani mpaka watu hawajui washike lipi, na inateka silaha za nyuklia za nchi moja baada ya nyingine. Dawa yake imo ndani ya nyambizi ya Kirusi iliyozama baharini kwenye barafu.

Maoni yangu ni haya. Sehemu ya nyambizi ni nzuri mno. Hakuna maneno, ni maji na chuma na mtu mmoja anayetafuta pa kutokea. Hata kibandani watu walinyamaza, na kama unavijua vibanda vyetu utaelewa hiyo ni sifa kubwa kiasi gani. Sehemu ya zile ndege ndogo za kizamani angani Afrika Kusini nayo inakufanya ushike benchi kwa mikono miwili. Lakini saa ya kwanza inachosha, watu wanaelezana tu na kukumbushana filamu zilizopita. Yule mbaya, Gabriel, hana uzito. Na Afrika Kusini yenyewe imetumika kama pazia la nyuma tu: milima, korongo, pango… mwenyeji anayehusika na lolote sikumwona.

Basi filamu ikaisha, watu wakaanza kutoka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa benchi la mbele, mkongojo katikati ya magoti, akanigeukia. Anajua kazi yangu ni uandishi, kwa hiyo anaamini najua kila kitu.

"Kijana, yule mzungu wa kwenye barafu, kosa lake lilikuwa nini hasa?"

Nikamjibu, "Hakuwa na kosa, mzee. Alikwenda chooni tu."

Akatikisa kichwa. "Basi huyo ni wa kwetu."

Nilicheka. Usiku nilipolala nikaacha kucheka.

Mzee alikuwa anamzungumzia William Donloe. Kama unaikumbuka ile filamu ya kwanza ya 1996, Ethan Hunt anateremka kwa kamba kutoka darini ndani ya chumba cha siri cha CIA, anaiba orodha ya majasusi. Ndiyo picha inayokumbukwa kuliko zote katika mfululizo mzima. Sasa chumba kile kilikuwa na mtu wake, mfanyakazi wa kawaida aliyewekewa dawa kwenye kinywaji akawa anakimbilia chooni kutapika. Huyo ndiye Donloe. Aliporudi akakuta kisu mezani na siri zimekwenda. Bosi akaamuru apelekwe Alaska siku ileile. Watazamaji dunia nzima tukacheka, filamu ikaendelea.

Katika hii ya 2025 wamemrudia. Karibu miaka 30 imepita, Donloe bado yuko huko kwenye kisiwa cha baridi, ana mke wa huko huko. Wenzake Ethan wanakuja kuomba msaada, na baadaye Ethan mwenyewe anakutana na mtu aliyemharibia maisha. Donloe anafanya nini? Anamshukuru! Anasema hana kinyongo, maana bila kufukuzwa asingempata mkewe.

Huo ndio ugomvi wangu na filamu hii. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo walimkumbuka mtu aliyelipa gharama ya ushujaa wa mwingine, halafu wakamtia shukrani mdomoni. Kwetu mpakani tunawajua watu wa namna hiyo, na wengi wao hawakupata nafasi ya kushukuru wala kulaumu. Ngoja nikupe historia kidogo, halafu utaniambia kama namwonea Tom Cruise.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua Amin na akampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Wafuasi wake nao wakakusanyika Tanzania, wakafundishwa vita.

Mwaka uliofuata wakatengeneza mpango ambao ungemfaa kabisa Ethan Hunt. Ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aina ya DC-9, ingechukuliwa Dar es Salaam usiku, iende Kilimanjaro ikapakie wapiganaji, kisha iruke mpaka Entebbe. Wapiganaji wangeuteka uwanja wa ndege ghafla na kuelekea Kampala. Wakati huohuo wenzao zaidi ya 1,000 wangevuka mpaka kwa miguu na magari kutoka upande wetu, kundi moja likielekea Masaka na jingine Mbarara. Wananchi na askari wa Uganda wakisikia, wangeinuka na kuungana nao.

Ndege ilichukuliwa kweli. Ilipotua Kilimanjaro, magurudumu yakapasuka. Entebbe haikufika. Kwenye filamu hapo ndipo shujaa angetoa mpango wa pili mfukoni. Hapa hapakuwa na mpango wa pili, na waliotakiwa kuvuka kwa nchi kavu wakavuka hivyohivyo, tarehe 17 Septemba 1972. Katika kundi la Mbarara alikuwamo kijana aitwaye Yoweri Museveni. Wananchi hawakuinuka. Jeshi la Amin likawasambaratisha, wengi wakauawa, waliosalia wakarudi Tanzania.

Waliopanga walikuwa salama. Sasa tuangalie waliobaki. Ndege za Amin zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza, na raia waliokufa hawakuwa wameambiwa lolote kuhusu DC-9. Kampala, tarehe 21 Septemba, siku nne tu baada ya uvamizi, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa akiwa mahakamani na hakuonekana tena. Ankole, kwa jirani zetu, mtu yeyote aliyekuwa na ndugu upande wa Tanzania akawa wa kutiliwa shaka. Februari 1973 watu waliotuhumiwa kuwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, Kabale na Mbarara ikiwamo, wananchi wakiitwa kuja kutazama.

Sasa kumbuka nilichokuomba ushike. Pale ambapo watu wanazungumza lugha inayofanana, wanaoana, wanazikana, wanauziana ng'ombe na kahawa kuvuka mto, kila mtu anaweza kuitwa jasusi. Ushahidi uko tele: ulivuka lini, ulimtembelea nani, kwa nini una shilingi za upande wa pili? Chombo cha usalama cha Amin, State Research Bureau, ambacho makao yake yalikuwa Nakasero, kiliishi kwa watoa habari wa namna hiyo, na wengi wao walikitumia kulipiza visasi vyao binafsi. Mwenye ugomvi wa shamba alijua pa kwenda. The Entity ya Hollywood inahitaji kompyuta zote za dunia ili watu wasijue lipi ni kweli. Nakasero walihitaji jirani mwenye wivu tu.

Twende 1976, maana hiyo ndiyo kazi ya kijasusi inayosifiwa kuliko zote kuwahi kufanyika ukanda wetu.

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kupita Athens, ikapelekwa Benghazi na hatimaye Entebbe. Watekaji walikuwa Wapalestina wawili na Wajerumani wawili, na Amin akawapokea. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiwa. Wakabaki mateka 106, wakiwamo wahudumu wa ndege waliokataa kuwaacha abiria wao. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai, makomando wa Israel walitua na ndege nne za Hercules, wakatoa gari jeusi la Mercedes lifanane na la Amin, na katika muda wa kama saa moja na nusu wakaondoka na mateka 102.

Hapo kuna kitu ninachowapa heshima wataalamu wa kazi ile. Siri ya mafanikio yao haikuwa kamba wala kuruka kutoka kwenye paa. Waliwahoji kwa makini abiria walioachiwa na kufika Paris: watekaji wangapi, wanakaa wapi, milango inafunguka upande gani? Walimtafuta mkandarasi, maana kampuni ya Kiisraeli ilikuwa imehusika na ujenzi wa jengo lile. Na jeshi la Uganda walilijua vizuri kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakilifundisha mpaka Amin alipowafukuza mwaka 1972. Ujasusi wa kweli unafanana sana na kazi yetu ya uandishi. Unamuuliza mtu wa kawaida alichokiona, na unamsikiliza mpaka mwisho.

Kabla mwaka ule haujaisha, Desemba 1976, Marekani walikuwa tayari wameonyesha filamu yao ya kwanza kuhusu tukio hilo. Ya pili ikafuata Januari 1977, na Waisraeli wakatoa ya kwao mwaka huohuo. Mwaka 2018 ikaja 7 Days in Entebbe. Kilele chao ni kilekile: Hercules inaondoka, mateka wako huru, kamanda Yonatan Netanyahu anaombolezwa kwa kuwa ndiye komando aliyeuawa pale.

Ndege ikishapaa, historia yetu ndipo inapoanza.

Kuna mateka mmoja hakuwamo ndani ya ndege ile. Dora Bloch, bibi wa miaka 74, alikuwa amepelekwa hospitali ya Mulago baada ya kukabwa na chakula. Baada ya uvamizi, watu wa Amin walimtoa hospitali wakamuua. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin akiwa ameshaondolewa.

Halafu kuna Wakenya. Ndege za Israel zilijaza mafuta Nairobi wakati wa kurudi, na Amin alipojua hilo akawageukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Wanakadiriwa kuwa waliuawa mamia. Hao walikuwa wafanyakazi na wafanyabiashara walioamka asubuhi ya tarehe 4 Julai wakaenda kazini kama siku nyingine. Hakuna aliyewanong'oneza waondoke, maana kuwanong'oneza kungevujisha siri. Miaka miwili baadaye, Mei 1978, waziri wa zamani wa kilimo wa Kenya, Bruce McKenzie, anayetajwa kuwa kiungo kati ya Israel na Nairobi, aliuawa kwa bomu lililolipuka ndani ya ndege ndogo akitokea Uganda. Habari za McKenzie utazisoma kwenye vitabu. Wale mamia hawana filamu hata moja.

Sisemi mateka wangeachwa wafe. Ningekuwa na mama yangu ndani ya jengo lile ningeomba Hercules zije mapema zaidi. Ninachosema ni kwamba hesabu ya Entebbe ina kurasa mbili, na sinema imezoea kusoma moja.

Ukurasa wetu sisi ukafunguliwa Oktoba 1978. Baada ya mambo ya 1972, Tanzania na Uganda zilikubaliana mjini Mogadishu kwamba kila upande uondoe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani. Kwa hiyo majeshi ya Amin yalipovuka, upande wetu ulikuwa na askari wachache sana. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote kaskazini mwa Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Karagwe yetu haikukaliwa, lakini ndugu zetu wa Missenyi waliuawa, nyumba zao zikaporwa, ng'ombe wakaswagwa, mpaka kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni raia 1,500 waliouawa na maelfu kwa maelfu waliokimbia.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza na taifa kuhusu sababu, uwezo na nia, maneno ambayo kila Mtanzania anayajua hata aliyezaliwa juzi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu na ya Waganda waliopigana pamoja nasi. Nakasero ilipofunguliwa walikuta maiti na mafaili. Mwaka huohuo mkoa wetu uliacha kuitwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera.

Nirudi kwa mzee. Asubuhi yake nilimfuata nyumbani, nikamwamkia, nikamuuliza alikuwa na maana gani aliposema yule wa barafuni ni wa kwetu. Hakunisimulia mengi. Alisema tu kwamba miaka ile alikuwa kijana, na wako watu aliowafahamu pande zote za mto waliokamatwa kwa kitu walichokuwa hawakijui. "Waliokijua," akasema, "walikuwa Dar es Salaam, au Kampala, au Ulaya. Ukiulizwa na huna la kujibu, wanasema umefundishwa kunyamaza." Kisha akabadilisha mazungumzo tukaongea bei ya kahawa.

Ndugu zangu, sisi tuliokulia kwenye sinema hizi tumefundishwa kukaa upande wa mtu mwenye kamba. Tunapokaa ukumbini sote ni Ethan Hunt. Hakuna anayejiona kuwa ni yule aliyetoka kwenda chooni. Lakini ukichukua ramani ya Afrika Mashariki na kuhesabu, sisi wengi tumekuwa Donloe. Mambo yalipangwa kwingine, yakafanyika usiku, asubuhi tukakuta kisu mezani na tukatakiwa kutoa maelezo.

Na bado mambo hayo yapo. Kila mara mpaka mmoja wa ukanda wetu unapochafuka, utasikia watu wa kabila fulani wakiitwa majasusi wa nchi ya pili, kwa sababu tu ya lugha yao au wajomba zao. Ukiwa mwandishi utaletewa habari hiyo ikiwa imepambwa vizuri, na utashawishika kuiandika. Mimi tangu likizo ile nimejiwekea swali moja kabla sijaandika neno jasusi juu ya mtu: nani ameniambia, na ana shamba gani analolitaka?

Je, filamu uione? Ione. Kwa ajili ya nyambizi na zile ndege inastahili pesa yako. Ila akifika yule bwana wa kwenye barafu na kuanza kushukuru, mkumbuke Dora Bloch, wakumbuke Wakenya wa Julai 1976, na watu wa Missenyi na Ankole. Hao hakuna jasusi aliyerudi kuwagongea mlango.

Alamsiki.